Maswali kwa Karani Mstaafu: Ford, Newberry na kiti kimoja cha Michigan

Toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza kama matajiri hushinda uchaguzi kila wanapogombea. Nilimjibu kwa mistari miwili: kwamba Henry Ford, yule wa magari, aligombea useneta wa jimbo la Michigan huko Marekani mwaka 1918 na akaangushwa. Mistari hiyo imeniletea barua nyingi kuliko hata ile makala ya mipaka ya viwanja. Leo najibu tano, zote za mkasa huo huo. Mlioniandikia kuhusu mirathi, zamu yenu toleo lijalo.

*

Shikamoo Karani. Mimi ni dalali wa mahindi hapa Kibaigwa. Wenzangu sokoni wamekataa katakata kwamba Ford alishindwa. Wanasema mtu mwenye hela vile hawezi kupigwa chini na mtu asiyejulikana, labda umechanganya majina. Tumewekeana kreti ya soda. Naomba ufafanuzi. – Dalali, Kibaigwa

Marahaba, kijana wangu. Sijachanganya majina. Kadai kreti yako.

Wenzako wanadhani kuwa na hela na kutoa hela ni jambo moja. Ford alikuwa nazo za kumwaga. Januari 1914 alitangaza kuwalipa wafanyakazi wa kiwandani kwake dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ujira wa siku zile, na gari lake la Model T lilishafika hadi kwa wakulima wa kawaida. Mwaka 1916 watu wa Michigan walimpa ushindi wa kura za maoni za urais ndani ya chama cha Republican, bila yeye kufanya kampeni. Mtu kama huyo akisema anagombea, wengine wanarudisha fomu.

Juni 1918 Rais Woodrow Wilson wa chama cha Democratic alimwita Ikulu, Washington, akamwomba agombee. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa bado inapiganwa na Wilson alihitaji maseneta wa kumshika mkono katika amani aliyotaka kuipanga. Michigan ilikuwa ngome ya Republican, na kumpeleka mgombea wa Democratic wa kawaida kule ilikuwa kupoteza nauli. Ford akakubali, ila kwa masharti yake mwenyewe: hapandi jukwaani, wala hatoi fedha za kampeni. Akafanya na jambo ambalo huku kwetu lingemfanya ofisa wa uchaguzi avue miwani: jina lake likaingia kwenye kura za maoni za vyama vyote viwili. Sheria ya jimbo ilimruhusu.

Upande wa Republican akakutana na Truman Newberry. Huyo "mtu asiyejulikana" wa wenzako alikuwa mtoto wa ukoo wa kitajiri wa Detroit, aliwahi kuwa Waziri wa Jeshi la Majini katika miezi ya mwisho ya serikali ya Theodore Roosevelt, na alikuwa miongoni mwa waliowekeza katika kampuni ya Packard, iliyotengeneza magari ya wenye nazo. Kwa hiyo hapakuwa na tajiri na maskini pale. Palikuwa na mwenye magari ya bei chee na mwenye magari ya bei mbaya. Wakati wa kampeni Newberry alikuwa amevaa sare, ofisa wa jeshi la majini kule New York, naye hakuja kuzunguka majukwaani. Wagombea wote wawili walinyamaza. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa na kamati.

Kamati ile, chini ya meneja wake Paul King, ilinunua nafasi magazetini kila pembe ya jimbo. Ililipa mawakala, ikachapa vipeperushi na barua, ikalipa stempu za kuzituma. Halafu kuna hili, ambalo mimi ndilo lililonifanya nikae sawa kwenye kiti. Baadaye ilidaiwa mahakamani kwamba upande wa Newberry ulitia mkono hata katika kura za maoni za Democratic, kwa kumsaidia mgombea aitwaye James Helme asimame dhidi ya Ford. Utauliza, mtu wa Republican anamsaidiaje mgombea wa chama pinzani? Fikiria kidalali. Mpiga kura wa Michigan aliweza kuchukua karatasi ya chama anachotaka. Kama Ford hana mpinzani kwa Democratic, wafuasi wa chama hicho hawana kazi ya kufanya kwao; watachukua karatasi ya Republican, wampe Ford kura na kule, na Newberry ataisha mapema. Wakiwekewa ubishi nyumbani, watabaki nyumbani. Mgombea pandikizi hakuzaliwa Tanzania.

Kura za maoni zilipigwa Agosti 27, 1918. Kwa Democratic, Ford alipita. Kwa Republican alikuwa wa pili, nyuma ya Newberry na mbele ya gavana mstaafu Chase Osborn. Kwa hiyo Novemba wakakutana tena, Ford sasa akiwa mgombea wa Democratic peke yake.

Kwenye ngwe hiyo ya pili ndipo alipokamatwa pabaya. Ford alikuwa na mtoto mmoja tu, Edsel, kijana wa umri wa kwenda vitani. Edsel alipata msamaha wa kutoandikishwa jeshini, kwa hoja kwamba anahitajika katika viwanda vilivyokuwa vikitengeneza zana za vita. Huenda ilikuwa kweli. Lakini mweleze hivyo mama ambaye mwanawe yuko kwenye mahandaki ya Ufaransa! Roosevelt, wakati huo rais mstaafu, alimuunga mkono Newberry hadharani na suala la Edsel hakuliacha lipite. Watu wakakumbushwa pia kwamba mwaka 1915 Ford alikodi meli, akawajaza wapenda amani, akavuka nao bahari hadi Norway kwenda kuwasihi Wazungu waache kupigana. Meli ile ilichekwa hadi ilipotia nanga. Na siku chache kabla ya kura, matangazo magazetini yakadai kwamba kiwandani kwake, penye kazi ya injini za ndege za kivita, amemweka mzaliwa wa Ujerumani, Carl Emde. Ford alikataa katakata kumtupa mtu wake. Hapo mimi nampa heshima yake, ingawa kura hakupata.

Novemba 5, 1918 Newberry alishinda kwa tofauti ya kura zipatazo 7,500, kati ya zaidi ya 430,000. Ziliporudiwa kuhesabiwa baadaye, tofauti ikashuka hadi kama 4,300. Ukiniuliza mimi, fedha za Newberry zilimfikisha Novemba, lakini aliyemvusha Novemba ni Edsel. Mpiga kura anaweza kumsamehe mgombea utajiri wake. Mtoto aliyebaki nyumbani wakati wa wengine wanazikwa, hamsamehi.

*

Karani, mbukwa. Niligombea udiwani wa viti maalumu, nikaangushwa kwenye kura za maoni. Jioni wajumbe walikuwa wangu, asubuhi hawakuwa wangu. Nataka kujua huyo Newberry aliyemwaga fedha alichukuliwa hatua gani. Halafu wanawake wa Michigan walimpa kura nani? – Mama wa Mpwapwa

Mbukwa, mama. Na pole. Mwaka 2020 mitaani walisema "wajumbe si watu wazuri", na naona wewe huhitaji kueleweshwa.

Nianze na la wanawake kwa kuwa ni fupi. Hawakumpa mtu. Katika Michigan siku ile useneta ulipigiwa kura na wanaume. Ila siku hiyo hiyo, Novemba 5, wanaume hao waliulizwa pia kama katiba ya jimbo ibadilishwe ili wanawake wapige kura, wakakubali. Kwa hiyo mama wa Michigan alipata haki yake siku moja na uchaguzi huu, akiwa amechelewa kuutumia.

Sasa Newberry. Hapa nakuomba ukae vizuri, maana jambo hili lina mambo ya masjala, na masjala ndiko nilikokula chumvi yangu.

Sheria ya Marekani ya wakati ule ilisema mgombea wa useneta asitumie zaidi ya dola 10,000, na kama sheria ya jimbo lake inataka kiwango cha chini zaidi, basi afuate cha jimbo. Michigan ilipima kwa mshahara wa kazi yenyewe. Seneta alilipwa dola 7,500 kwa mwaka. Ukishapiga mahesabu yao, ukomo wa Newberry, kura za maoni na uchaguzi vikijumlishwa, ulikuwa dola 3,750. Seneti yenyewe baadaye iliandika katika azimio lake kwamba zilizotumika ni kama dola 195,000. Chukua kalamu, mama. Hiyo ni mara 52 ya ukomo. Ni mshahara wa useneta wa miaka 26, kwa kazi ya miaka 6. Nimesoma hati nyingi za mashitaka maishani mwangu, za mbuzi, za mashamba, za stakabadhi za kughushi, na mara nyingi kesi inajengwa kwa maneno. Hii ilijengwa kwa kugawanya na kuzidisha.

Ford, aliyekataa kutoa fedha kwenye kampeni, sasa alizitoa. Aliajiri wapelelezi wazunguke Michigan kukusanya ushahidi. Mwishoni mwa 1919 Newberry na wenzake zaidi ya 100 wakashitakiwa kwa mpigo, kesi ikasikilizwa katika mji wa Grand Rapids. Utetezi wake ulikuwa ule tunaoujua hata huku: mimi nilikuwa mbali, kazini, fedha ni za ndugu na marafiki, kamati ndiyo iliyotumia. Na ni kweli sehemu kubwa ilitoka kwa ndugu yake John. Lakini zikaletwa barua. Yeye na King walikuwa wakiandikiana wakati wote wa kampeni, na zilionyesha kwamba mtu aliyekuwa mbali alikuwa akifuatilia mambo ya nyumbani kwa karibu sana. Siku zote huwaambia vijana: mteja anaweza kubadilisha maelezo yake, karatasi aliyoiandika haibadiliki. Machi 1920 akatiwa hatiani pamoja na wenzake 16. Kifungo cha miaka 2 na faini ya dola 10,000, na hapo alikuwa tayari ameapishwa kuwa seneta.

Akakata rufaa. Wakili wake alikuwa Charles Evans Hughes, ambaye alishakuwa jaji wa Mahakama ya Juu na nusura awe rais mwaka 1916. Ukiwa na wakili wa namna hiyo hubishani kama fedha zilitumika. Unabishana kama kuna sheria.

Mei 2, 1921 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu. Majaji wanne walisema hivi: Katiba inalipatia Bunge la Marekani mamlaka juu ya namna uchaguzi wa maseneta unavyofanyika. Kura za maoni si uchaguzi. Ni chama kumtafuta mtu wake. Kwa hiyo Bunge halikuwa na mamlaka ya kuweka ukomo wa fedha kwenye kura za maoni, na sehemu kubwa ya fedha za Newberry ilitumika huko. Jaji wa tano, McKenna, alikubali matokeo kwa sababu finyu zaidi: sheria ilitungwa kabla ya 1913, wakati maseneta walikuwa bado wanateuliwa na mabunge ya majimbo na wananchi hawawapigii kura. Wanne na mmoja, wakatosha watano kati ya tisa.

Mama, soma tena hapo. Mahali ambapo wewe uliangushwa, jioni na asubuhi, mahakama kuu kuliko zote Marekani ilisema si uchaguzi. Katika jimbo ambalo chama kimoja hushinda kila mwaka, anayepita kwenye kura za maoni amepita, kura ya Novemba ni ya kutia muhuri. Ukisema fedha za pale hazihusiani na uchaguzi, umefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Majaji wengine hawakuikubali hoja hiyo, na mimi nipo upande wao. Ilichukua miaka 20, hadi 1941, katika kesi ya Louisiana iliyohusu kura za maoni zilizochezewa, ndipo mahakama ile ile ikasema kura za maoni nazo ni sehemu ya uchaguzi na Bunge linaweza kuzitungia sheria.

Kuhusu Newberry mwenyewe: jela hakwenda. Januari 12, 1922 Seneti ilipiga kura 46 kwa 41 kwamba kiti ni chake kihalali, na katika azimio hilo hilo ikalaani fedha zilizotumika kwamba zinaharibu heshima ya Seneti. Umemsikia mtu anaambiwa "umekosea, karibu kiti"? Wapiga kura hawakupenda. Novemba ile seneta mwenzake wa Michigan, Charles Townsend, aliyempigia Newberry kura abaki, akaangushwa. Newberry akaona dalili, akajiuzulu mwezi huo huo.

Gavana akamteua James Couzens kujaza nafasi. Couzens alikuwa mshirika wa Ford tangu mwanzo wa kampuni, ndiye aliyeshika hesabu, wakagombana akaondoka 1915. Alikuwa na hisa, na mwaka 1919 Ford alizinunua kwa takriban dola milioni 29. Kwa hiyo baada ya miaka minne, kampeni, wapelelezi, kesi na rufaa, kiti cha Michigan kilikaliwa na mtu aliyetajirishwa na Ford na ambaye hakuwa anaongea naye vizuri. Hapo nilicheka peke yangu.

*

Shikamoo babu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Manyoni. Nimempelekea mwalimu wetu wa historia gazeti lako. Amesema kiti hicho kimoja ndicho kilichofanya Marekani isijiunge na Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, na kwamba hilo linatuhusu sisi Watanganyika. Ni kweli? – Mwanafunzi, Manyoni

Marahaba, mjukuu. Mwalimu wako ana nusu ya ukweli, na ni nusu nzuri.

Baada ya uchaguzi wa 1918 Republican walikuwa na viti 49 katika Seneti, Democratic 47. Ford angeshinda, ingekuwa 48 kwa 48, na kura ya kuvunja sare ingekuwa ya Makamu wa Rais, Thomas Marshall, mtu wa Wilson. Anayekuwa na wengi ndiye anayegawa uenyekiti wa kamati. Kwa hiyo kiti cha Michigan kilisaidia kumpa Henry Cabot Lodge uenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, naye alikuwa hampendi Wilson wala mkataba wake wa Versailles, ule wa amani baada ya vita, ambao ndani yake lilikuwamo Shirikisho la Mataifa. Mwenyekiti anaweza kuuchelewesha mkataba, kuusoma mstari kwa mstari, kuuwekea masharti. Lodge aliyafanya yote hayo.

Ila kuridhia mkataba kulihitaji theluthi mbili. Machi 1920 kura zilikuwa 49 za kukubali na 35 za kukataa, zikapungua kura 7. Kiti kimoja hakizai kura 7. Na Wilson mwenyewe aliwaambia watu wake wasikubali masharti ya Lodge, kwa hiyo baadhi ya waliokataa walikuwa wa chama chake. Ukiulizwa kwenye mtihani, andika kwamba kiti cha Michigan kiliamua nani anashika kamati, usiandike kwamba kiliamua mkataba.

Kuhusu sisi, nitakupa tarehe uziweke sambamba. Siku Michigan inapiga kura, Novemba 5, 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, alikuwa bado hajasalimu amri. Alisalimu Abercorn, kusini mwa Ziwa Tanganyika, Novemba 25. Dodoma ilikuwa tayari mikononi mwa Waingereza tangu Julai 1916. Na hapa Ugogo kulikuwa na njaa inayoitwa Mtunya. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza walipofika wakachukua vilivyobaki. Halafu mvua zikagoma. Watu waliuza walichonacho wakaishia kuhama na kufa njiani. Bibi yangu mzaa baba, wa Mvumi, alihesabu umri wa watu kwa njaa hiyo: fulani alizaliwa kabla ya Mtunya, fulani baada yake. Mwaka wa 1918 kwa namba hakuujua.

Nchi hii ilikabidhiwa kwa Waingereza chini ya udhamini wa Shirikisho lile, na udhamini ukathibitishwa Julai 1922. Uingereza ilipaswa kupeleka taarifa ya kila mwaka Geneva kueleza inavyotutawala. Kwenye meza iliyopokea taarifa hizo Marekani haikuwapo, na ni Marekani ya Wilson iliyokuwa imelipigia debe sana wazo lenyewe. Kama ingekuwapo ingetusaidia chochote? Hapo mwalimu wako na mimi tunaweza kubishana hadi jua lizame, na nakushauri usituamini wote wawili.

*

Karani, Ford aligombea tena? – Msomaji, Kondoa

Hapana. Mwaka 1923 watu wengi walimtaka awe rais, vikaundwa hadi vikundi vya kumpigia debe, lakini Desemba mwaka huo akatangaza kumuunga mkono Calvin Coolidge, rais aliyekuwa madarakani, yakaisha. Kushindwa kule Michigan hakukumpunguzia biashara hata kidogo.

*

Mzee wangu, nimefuatilia habari hizi za Ford. Swali langu ni la hapa kwetu Chamwino. Kura za maoni za chama zikigawiwa fedha, sheria yetu inazigusa au nasi tutaambiwa si uchaguzi? Na nikiona kwa macho yangu nifanye nini? – Mkereketwa, Chamwino

Inazigusa. Na kabla ya hapo tulipitia shimo letu wenyewe, ambalo vijana wengi hawalikumbuki. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Nia njema inapimwa kwa kipimo gani, sheria haikusema. Mashirika ya kutetea haki yakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu hivyo vikatamkwa kwamba vinakiuka Katiba, kwa kuwa vinawabagua wagombea wasio na kitu na vinafungua njia ya rushwa. Halafu mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inasema waziwazi kwamba inahusu mchakato wa uteuzi, kampeni na uchaguzi. Mchakato wa uteuzi ndizo kura zako za maoni. Majaji wale wanne wa 1921 wangeisoma sheria yetu wakaona shimo lao limezibwa kwenye karatasi. Kwenye karatasi, nasema. Mama wa Mpwapwa hapo juu anaweza kukueleza yaliyobaki.

Sheria hiyo inasimamiwa na Msajili wa Vyama vya Siasa, na rushwa yenyewe ni kazi ya TAKUKURU. Ukiona bahasha zinagawiwa, usiende na neno "inasemekana". Nimepokea malalamiko mengi yaliyokufa kwa neno hilo. Andika siku ile ile, kabla hujalala: tarehe, saa, nyumba ya nani au chini ya mti gani, nani alitoa, nani alipokea, alisema nini, na nani mwingine alikuwapo. Kama hukuiona fedha bali ulimsikia mpokeaji akisimulia, andika kwamba ulisikia, usijifanye uliona. Wakili wa upande wa pili atakutoa jasho. Ujumbe wa simu usiufute, wala usimtumie kila mtu kwenye kundi la WhatsApp la kata. Peleka barua yako mkono kwa mkono ukiwa na nakala mbili. Moja waachie. Ya pili gonga muhuri wa kupokelewa pale pale mapokezi, wenye tarehe, na kabla hujatoka mlangoni hakikisha tarehe inasomeka.